Mama Wadogo Wawili wa Kiguu na Njia

Mtaani kwetu mume wangu wanamwita Kiguu na Njia, na mimi, kwa kosa la kuolewa naye, wananiita Mama Njia. Mwanzoni nilikasirika. Halafu nikaona kwamba jina la mtaa ni kama doa, ukilisugua linazidi kutanuka, nikaliacha.

Ukitaka kumjua mume wangu, mtazame akila. Husimama mlangoni, sahani kiganjani, funguo za gari zinaning'inia kwenye kidole cha mwisho, anatafuna huku macho yako barabarani kana kwamba barabara itahama asipoilinda. Nikimwambia, "Baba Watoto, keti," ananijibu, "Nimeketi," na yuko wima. Nyumba za kupanga tumehama mpaka paka wetu alichoka, akabaki kwa jirani. Kila nyumba aliitafutia kasoro: hii ina joto, hii majirani wana kelele, hii haina kelele kabisa, mtu atalalaje? Mahali pamoja tu anakaa akatulia, napo ni nyuma ya usukani, gari likiwa kwenye mwendo. Nimeishi na hali hiyo miaka mingi, na nakiri imenichosha. Kuna siku nilitamani nimfunge kamba kwenye tendegu la kitanda.

Lakini kazi yetu inamfaa. Tuna basi dogo la rangi ya maziwa, tunachukua wageni kutoka mji mkubwa na kuwazungusha jimboni kuona miji mikongwe na mashamba ya matunda. Yeye anaendesha, mimi ndiye msemaji. Nashika kipaza sauti nawaeleza ukuta huu ulijengwa na nani, jela ile ya zamani walifungwa akina nani, na mawe ya uchochoro ule yalitoka wapi. Pale nisipojua natia chumvi kidogo, maana mgeni hapendi kusikia "sijui". Mashambani tunawaachia wachume wenyewe. Wanachuma mabichi, wanayang'ata, wanasifu utamu, na mimi nasifu pamoja nao.

Sasa, katika njia yetu kuna daraja la chuma, na ukishalivuka unakutana na njia panda. Kulia kuna mashamba ya michungwa, yanaonekana kutoka mbali, yana kivuli kizuri. Kushoto kuna mashamba ya mananasi, jua la utosini, miiba ya kuchana soksi. Siku zote mume wangu hukata kushoto. Wageni wameshauliza, na mimi nimeshauliza. Jibu lake ni lile lile: "Kulia barabara mbovu." Niliamini. Mke wa dereva akianza kubishana na mumewe habari za barabara, safari itaisha kwa miguu.

Siku ninayotaka kuisimulia tulikuwa na walimu wastaafu, basi zima. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, na ingawa shule ameiacha, shule haijamwacha. Alikaa kiti cha mbele, ratiba ya safari imekunjwa mapajani, miwani puani. Tulipochelewa kidogo kuondoka alinitazama mpaka nikahisi sijafanya kazi ya nyumbani.

Tuliingia kituo cha mafuta tunachoingia siku zote. Mzee wa pampu akamaliza kujaza, akainama dirishani kwa mume wangu.

"Nilikuwa nakusubiri wewe," akasema. "Dereva wa lori la machungwa kaniachia ujumbe: mama yako mdogo anakuita. Anasema uje leo leo. Kesho hutamkuta."

Mume wangu hakuuliza kitu. Nami sikuuliza. Nani anauliza mama mdogo yupi? Tuliyemjua ni mmoja tu, mdogo wa marehemu mama yake, anayekata tiketi kwenye mnara wa saa katika mji mkongwe wa pili. Ndiye aliyekuja kwetu kuniposa kwa niaba yake. Ndiye mtu pekee ambaye mume wangu akiingia kwake huvua viatu. Na neno "kesho hutamkuta" nyote mnajua husemwa juu ya mtu wa namna gani.

Nikamwona mume wangu amebadilika rangi. Alitoka pale kituoni hata mfuniko wa tangi haujakaa sawa.

"Taratibu," nikamwambia. "Una watu wazima humu."

"Mama yangu mzazi alikufa mimi niko darasani," akasema, macho mbele. "Walinificha mpaka jioni. Huyu simchelewi."

Basi nikajikaza. Mji mkongwe wa kwanza, ambao kwa kawaida tunautembea kwa miguu asubuhi nzima, siku ile niliwasimulia kupitia dirishani. "Kushoto kwenu ni soko la kale," nikasema kwenye kipaza sauti, na kabla sijamaliza sentensi soko limeshapita. "Lilikuwa soko la kale. Kulia kwenu ni nyumba ya mtawala, ile yenye roshani... Basi, mtaiona kwenye picha."

"Dada," Mwalimu Mkuu akasema, kidole juu ya ratiba, "hapa imeandikwa tunashuka."

"Tutashuka, mwalimu. Kuna mgonjwa."

"Mgonjwa yuko ndani ya basi?"

"Yuko mbele, anatusubiri."

Akatazama mikono ya mume wangu kwenye usukani, jinsi ilivyokuwa ikifunga na kufungua, akakunja ratiba. Nilimshukuru kimoyomoyo. Mimi mwenyewe roho yangu ilikuwa mkononi, maana yule mama mdogo nilikuwa nampenda kuliko shangazi zangu wa damu.

Tulifika mji wa pili, mume wangu akaliacha basi mahali palipoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba gari lisisimame, akaruka, akakimbia. Nikamfuata nikiwa nimeshika viatu. Kichwani nilikuwa nimeshamaliza msiba mzima: nani apigiwe simu, watoto waachwe kwa nani.

Tukamkuta mama mdogo chini ya mnara, mzima wa afya, mkono mmoja kiunoni, anagombana na mgeni aliyetaka kupanda ngazi kwa tiketi ya juzi.

Mume wangu alimkumbatia mpaka kofia ya kazi ikaanguka. "Unaumwa nini?" akawa anauliza. "Wapi panauma?"

"Mbavu, kwa unavyonibana. Kwani nani kakwambia naumwa?"

Nikamweleza, pumzi hazinitoshi. Akaangua kicheko. "Mimi nife leo? Leo nina zamu, nafasi ya kufa naitoa wapi? Huyo mzee wa pampu aliambiwa na nani?"

"Dereva wa lori la machungwa," mume wangu akasema.

"Mimi na lori la machungwa wapi na wapi?" Bado alikuwa anacheka. Halafu kicheko kikamwishia mdomoni. Akainama, akaokota kofia yake, akaipangusa vumbi muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo.

"Mwanangu," akasema, "wewe una mama wadogo wawili."

Nikageuka kumtazama mume wangu. Alikuwa anatazama saa ya mnara, ambayo haijatembea tangu kabla hatujazaliwa.

"Wawili?" nikauliza. "Wa pili ametoka wapi?"

Aliyenijibu ni mama mdogo mwenyewe pale mlangoni pa mnara, tiketi mkononi, wageni wanamsubiri. Baba mkwe wangu, baada ya kufiwa na mkewe, alioa msichana. Akapiga marufuku neno "kambo" nyumbani kwake. Alisema atakayelitamka atalala nje. Huyu aitwe mama mdogo. Basi mume wangu, akiwa kijana wa kuanza kuota ndevu, akamwita hivyo. Baba akafa. Na udongo wa kaburi haujakauka, yule mwanamke akamwambia kijana: nenda zako, chakula hakitoshi. Akaondoka na nguo alizovaa. Shamba lenyewe lilikuwa la michungwa, kulia kwa njia panda, ukishavuka daraja la chuma.

Jamani, nilipandwa na hasira nikasikia masikio yanawaka. Miaka yote nimelala na mtu huyu. Aliniambia kwa baba yake wamekwisha wote. Nimekula vumbi la mananasi, nimechanwa na miiba, kumbe mtu anakimbia michungwa ya baba yake!

"Twendeni," mume wangu akasema. "Tumewachelewesha wageni. Turudi kwenye ratiba."

"Huendi kwake?" mama mdogo akamuuliza.

"Yule si mama yangu. Wala si mdogo wa mtu yeyote ninayemjua."

"Sikiliza. Mimi nimemchukia yule mwanamke kwa niaba yako tangu ulipokuja kwangu hujala. Nimechoka kuchukia kwa niaba. Nenda ukamchukie mwenyewe, uso kwa uso, kabla hajaondoka. Ukishamaliza, rudi uniambie kama nilikuwa nafanya vizuri."

Alirudi kwenye basi bila kuaga. Aliendesha akihama njia bila sababu, akipita magari na kupitwa, akifungua dirisha na kulifunga. Mimi nilikuwa nimekaa na kipaza sauti mapajani, naangalia nje, natafuta neno la kuanzia. Tukavuka daraja la chuma. Kwenye njia panda akasimama.

Hakuzima gari. Alisimama tu katikati, mguu kwenye breki, mkono kwenye gia, taa ya kukata kushoto inawaka. Akaizima. Akawasha ya kulia. Akaizima. Nyuma yetu magari yakaanza kupiga honi.

"Amua," nikamwambia.

"Nikifika nitasema nini?"

"Sijui! Mwambie umekuja. Mwambie amelaaniwa. Lakini mimi kushoto siendi leo. Kila nyumba tuliyohama nilidhani kosa ni langu, ulishawahi kujua hilo? Nilidhani mimi ndiye ninayekukera. Nimepika vizuri zaidi, nimenunua mapazia, nimewanyamazisha watoto ili mtu atulie! Na wewe ulikuwa unakimbia mwanamke mmoja na mti wa mchungwa!"

Nilishangaa sauti yangu ilivyokuwa kubwa. Halafu nikaona walimu wote wameduwaa, wanatazama spika za darini. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe. Nilikuwa nimemwaga mambo ya ndani ya nyumba yangu mbele ya basi zima, tena kwa sauti safi kabisa, maana spika zile tulizifunga mpya.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu Mkuu akakohoa, akafungua ratiba yake.

"Dereva," akasema, "hapa imeandikwa 'kutembelea shamba la matunda'. Haikuandikwa tunda gani."

Kiti cha nyuma mtu akapiga makofi. Mume wangu akawasha taa ya kulia, akakata. Na nataka mjue kwamba ile barabara ya kulia ilikuwa lami tupu, haina hata shimo la kutia kikombe.

Shamba lilikuwa limechanua upande mmoja na upande mwingine limezaa. Nyumba ilikuwa ya matofali, imefunguliwa milango yote. Barazani palikuwa na magodoro yaliyofungwa kamba, viti vimepinduliwa miguu juu, masufuria ndani ya gunia. Walimu wakashuka wakatawanyika kwenye miti. Mimi na mume wangu tukabaki kando ya basi.

Akatokea mwanamke kutoka nyuma ya nyumba, mfupi, amevaa mabuti ya mpira na shati la kiume, kisu cha kupogolea mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kumwona bibi kizee, ikiwezekana mwenye meno ya mchawi. Nikaona mtu wa rika la mume wangu, au amemzidi kidogo tu. Walipotazamana nilishindwa kujua nani ameogopa zaidi.

"Shikamoo, mama mdogo," mume wangu akasema. Adabu ya baba yake ilikuwa bado imo ndani, hata kama hakutaka.

"Marahaba." Akaweka kisu chini. "Mdogo kwa nani? Mkubwa mwenyewe nilimkuta ameshalala chini ya michungwa."

Mimi nikaamkia, nikasema ni mke wake. Akanishika mkono, akautazama kama anayetaka kuukumbuka, kisha akamgeukia tena.

"Nilikufukuza," akasema. "Sikukuita ili nikane. Nilisema chakula hakitoshi."

"Ulisema."

"Na hakikutosha. Waliniita mama mdogo. Mama sikuwa. Mdogo nilikuwa. Nilikuzidi miaka ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, nina mapacha wananyonya, na ndugu za baba yako wamekaa hapo hapo barazani wanasubiri nishindwe wachukue shamba. Ilibidi nipunguze mdomo mmoja. Midomo ya wanangu sikuweza, nikapunguza wako. Nimelijua hilo kila siku ninayokula."

Mume wangu alikuwa anahamisha funguo kutoka mkono huu kwenda huu. Nilimjua: mguu mmoja ulikuwa umeshageuka kuelekea mlango wa basi. Nilitaka kumshika shati nikajizuia, maana jambo hili halikuwa langu.

"Basi umesema," akamjibu. "Nimesikia. Safari njema."

"Sikukuita uniage," akasema upesi. "Wanangu wameuza. Kesho lori linanipeleka kwa mmoja wao, ghorofani. Mwenye shamba mpya anataka kung'oa upande wa chini kwa trekta, apande upya. Na mama yako yuko upande wa chini. Ule ubao wa jina lake mchwa waliumaliza zamani. Ninayejua alipo ni mimi peke yangu, kwa sababu ninayepalilia ni mimi. Nimemwambia bwana yule kuna mtu pale. Akasema, sawa, lakini aje mtu wa damu yake aseme 'ni hapa', nitazungushia uzio. Mimi damu sina. Nimetuma kila dereva wa lori, na leo ndiyo siku ya mwisho."

Funguo zikatulia.

"Ulikuwa unapalilia?" mume wangu akauliza.

"Angepalilia nani? Mwanaume wetu alikuwa mmoja. Siku mambo yaliponishinda nilikuwa naenda kule namsimulia. Namwambia, dada, mwanao nimemfukuza, sijui yuko wapi, nisamehe au usinisamehe, lakini magugu nitayatoa."

Niliona machozi ya mume wangu. Katika ndoa yetu sikuwahi kuyaona, na niliona aibu kuyatazama, nikajifanya nawatazama walimu. Mwalimu Mkuu alikuwa chini ya mti, chungwa mkononi, halimenyi.

"Mnunuzi yuko wapi?" mume wangu akauliza.

"Yuko bandani, anahesabu mabomba. Twende tumpitie, kabla hajaondoka."

Wakatangulia, mimi nyuma yao, na yule mnunuzi tukampitia, akatufuata na kofia mkononi. Tulishuka kwenye safu za michungwa ya zamani. Mume wangu alitembea taratibu. Sikujua kwamba anaweza. Mama yule alikuwa mbele yake nusu hatua, anaonyesha kwa kidole, anaeleza mti huu ulipigwa na radi, ule ulipandwa na baba yako, na kwa sababu alikuwa anaeleza hakutazama chini.

"Mama, angalia mfereji," mume wangu akasema.

Yule mwanamke akasimama. Hakugeuka.

"Umesema nini?"

"Nimesema kuna mfereji."

"Kabla ya mfereji."

Hapakuwa na usukani wa kushika, wala dirisha la kufungua.

"Nimesema Mama."

Akanyoosha mkono nyuma, bila kumtazama, kiganja wazi.

"Haya," akasema. "Nishike basi, nivuke."